Samora inahitaji kivuli na mahali pa kukaa

Wiki iliyopita nilimsindikiza mama mjini Dar es Salaam kufuatilia karatasi zake za pensheni. Ofisi ya kwanza iko karibu na sanamu ya Askari, ya pili upande wa Mnara wa Saa, kwa hiyo tukaifuata barabara ya Samora kwa miguu. Mama ana goti bovu. Kila baada ya maduka matatu manne anasimama, anashika ukuta, anavuta pumzi. Ilikuwa saa saba, jua la utosi. Mwisho akaketi kwenye ngazi ya duka, akavua kiatu kimoja. Mlinzi akaja, kijana mwenye adabu zake: "Shikamoo mama. Samahani, hapa mnawazibia wateja njia." Mama akaitikia marahaba, akavaa kiatu, tukaendelea.

Njia nzima sikuona pa kumkalisha. Na huu ndio mtaa ambao kabla ya kuitwa Samora uliitwa Independence, na kabla ya hapo, enzi za Waingereza, Acacia Avenue, yaani barabara ya migunga. Ulijulikana kwa miti!

Mimi ningeanza na kipande hichohicho tulichotembea. Ncha zake mbili zinajulikana na kila mtu: Askari wa shaba aliyesimama pale tangu 1927, na Mnara wa Saa wa 1961, Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Magari yazuiwe Jumapili kwanza, watu waone, wazoee. Njia panda zibaki wazi, malori ya mizigo yashushe alfajiri. Kisha sehemu za kuegesha magari zipandwe miarobaini, na chini ya kila mti liwekwe benchi lenye egemeo, maana mzee hainuki kirahisi kwenye benchi lisilo na pa kushika. Vyoo, bomba la maji. Mifereji izibuliwe kabla ya masika, la sivyo yote haya ni kazi bure.

Na machinga wasisahaulike. Mwaka 2021 waliondolewa barabarani, na najua wenye maduka walishukuru. Lakini mtaa usio na muuza kahawa anayegonganisha vikombe vyake, usio na kashata wala machungwa ya kumenywa, nani atakaa hapo? Wachorewe nafasi zao, njia ya miguu ibaki wazi, yule wa kiti cha magurudumu apite.

Unguja wanayo bustani ya Forodhani, kando ya bahari. Tangu ilipokarabatiwa 2009 nimekaa pale mara nyingi, nikitazama watoto wakijirusha baharini, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimenunua nini. Hicho tu ndicho ninachokitaka Samora.

Karatasi za mama hazikukamilika, umekosekana muhuri mmoja. Jumatatu tunarudi. Nitambebea kigoda chake cha jikoni.