Taa ya LOS (ishara ya mwanga imepotea) kwenye kifaa cha intaneti ya faiba inawakawaka nyekundu kila mlango ukifungwa: mwanga ulikuwa unavuja kwenye bawaba

Kuzima na kuwasha kifaa cha faiba hakukusaidia. Kipimamwanga kilisoma -29 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 1490, na vifaa vingi vya GPON, mfumo wa intaneti ya faiba ya majumbani, hushindwa usomaji ukishuka chini ya -27.

Konekta ya kijani (SC/APC), yaani kichwa cha waya wa faiba, ilisafishwa kwanza kwa isopropili na kitambaa kisichoacha nyuzi. Usomaji ukapanda nusu desibeli tu, basi si uchafu.

Jibu lilitoka kwa kupima waya kwenye nanomita 1310 kisha 1550. Konekta chafu hupoteza mwanga karibu sawa kote kuwili, lakini mkunjo hupoteza zaidi sana kwenye 1550. Hapa tofauti ilikuwa desibeli 9. Kipimo hiki kisirukwe kamwe, kinaokoa siku nzima ya kubadilisha vifaa vizima.

Mwanga hubaki ndani ya kiini chembamba, mikromita 9 hivi, kwa sababu kioo kinachokizunguka huurudisha ndani. Uzi ukikunjwa mno, pembe hubadilika na mwanga hutoroka. Tochi nyekundu ya faiba ilipochomekwa, ganda la waya liling'aa palepale kwenye bawaba, mlango ulipokuwa ukiukunja.

Waya ulikuwa wa G.652, aina ya kawaida ya faiba, unaotaka mkunjo wa nusukipenyo cha milimita 30 au zaidi. Ukawekwa wa G.657.A2, aina inayostahimili mikunjo, unaovumilia milimita 7.5, ukapitishwa kwenye tundu la ukutani mbali na mlango. Usomaji mpya: -20 dBm.

Usichungulie ncha ya uzi unaopitisha mwanga: mwanga wa 1490 hauonekani, lakini unaweza kudhuru jicho.