Nilivyoipata bunduki ya leva ya .22 Magnum hapa Mombasa

Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Ile ya kauboi?"

Naam, ile ya kauboi. Bunduki ya leva, yenye mpini wa chuma chini ya kifyatulio. Unausukuma chini, ganda linaruka nje, unaurudisha na risasi nyingine inaingia chemba. Mimi hulenga shabaha wikendi, basi. Siwindi, na kuwinda kwa starehe kulipigwa marufuku Kenya tangu 1977. Nina .22 ya kawaida yenye cheti chake, ila roho ilitamani leva, tena isiwe ya kipimo ambacho kila mtu anacho klabuni.

Nilianzia pabaya. Nilikuwa nimeing'ang'ania .327 Federal Magnum, risasi iliyotoka 2008 pamoja na bastola ya Ruger SP101. Baadaye kampuni ya Henry ikaitengenezea bunduki ya leva. Kilichoniteka ni kwamba chemba yake inakubali pia .32 H&R Magnum ya 1984, na hata .32 S&W Long ya zamani za babu. Bunduki moja, risasi tatu! Nikapiga simu kwa wauzaji wenye leseni, hapa na Nairobi. Wa kwanza alicheka. Wa pili aliniambia bunduki yenyewe inaweza kuagizwa, lakini risasi je? Nazo zina kibali chake cha kuingizwa nchini, na hakuna duka litakaloniahidi kwamba boksi la kwanza likiisha kuna la pili.

Nikampelekea Ami malalamiko yangu. Ami si ndugu yangu wa damu. Ni mzee wa klabu, mzaliwa wa Mji wa Kale, tunamwita hivyo sote. Alinimiminia kahawa chungu kutoka kwenye thamosi yake, akasema, "Mwanangu, utakuwa umenunua fimbo ya bei ghali. Kwanza uliza risasi gani zinauzwa, kisha ndiyo utafute cha kuzipiga."

Nikauliza. Katika magnum, yaani risasi zenye nguvu zaidi, za mtutu mwembamba, niliyoambiwa nitaipata bila kuhangaika sana ni .22 WMR, ndiyo hiyo .22 Magnum, ya tangu 1959. Si ya ajabu huko Marekani, lakini kwenye bunduki ya leva, Pwani hii, sikuwahi kuiona. Nikatafuta miezi mitatu. Jumamosi moja nikamtajia Ami kwamba natafuta Winchester 9422M, bunduki ya leva ya kipimo hicho, au ndugu yake yeyote. Akanywa kahawa yake taratibu, kisha akasema anayo moja ndani ya sefu, hajaipiga tangu afanyiwe operesheni ya mtoto wa jicho.

"Ami, miezi mitatu nahangaika!"

"Hukuniuliza."

Tuliikagua kwake Nyali, juu ya meza ya kulia chakula iliyotandikwa magazeti. Winchester hizi zilitengenezwa New Haven, Connecticut, kati ya 1972 na 2005, na ile M ni ya magnum. Kuna skrubu moja ubavuni. Ami aliifungua kwa sarafu ya shilingi ishirini na bunduki ikaachana vipande viwili. Kwa mtu wa Pwani hapo ndipo kazi ilipo, maana hewa ya chumvi haili sehemu unayoiona. Juu, chuma kiling'aa kama kioo. Tulipoondoa mbao ya mbele, chini yake kulikuwa na alama ya kutu ya ukubwa wa kucha ya kidole kidogo, imeshachimba. Kitambaa cheupe nilichopitisha mtutuni kilitoka na wekundu mara mbili, mara ya tatu kikatoka kijivu, ya nne safi. Nikapumua. Ile kutu niliitumia vizuri kupunguza bei.

Hakuna kupeana mkononi, hata kwa Ami. Bunduki ilikwenda kwenye stoo ya muuzaji mwenye leseni, maombi yakaenda Bodi ya Leseni za Silaha. Nakala yangu iliporudi, nikaona karani wa muuzaji alikuwa ameandika ".22 LR", yaani ile .22 ya kawaida, kwenye fomu. Yeye aliona herufi tu. Mimi nilichukua risasi mbili, nikazilaza kiganjani mwake. Ganda la LR lina unene wa milimita 5.7 hivi, la magnum 6.1, tena ni refu karibu mara mbili. Ukiitia LR kwenye chemba ya magnum inachezacheza, na ukifyatua ganda linaweza kupasuka na gesi ikakurudia usoni. Na kwa kuwa cheti hutaja kipimo, ningeruhusiwa kununua risasi zile zile ambazo bunduki hii haitakiwi kabisa kutiwa. Alikuna kichwa, akaandika upya. Miezi minne ikapotea hapo, ya kusi tupu, nami kila wiki nampigia simu kumkumbusha aipake mafuta.

Siku ya kwanza uwanjani Ami alikuja na kiti chake. Bomba la chini ya mtutu linabeba risasi 11. Kishindo chake ni kikali kuliko nilivyozoea. Risasi yake yenye uzito wa grein 40 hutoka kwa kasi ya mita kama 580 kwa sekunde, ya LR inakaribia 370. Kwa mita 50, tisa zilikaa ndani ya kifuniko cha kikombe cha thamosi. Mbili sizisemi.

Ami aliinama kukusanya maganda, akayahesabu mkononi: kumi. Tukalitafuta la kumi na moja mchangani mpaka jua likawa utosini.