Siku moja maishani mwangu: kuutafuta MS Kampala

Saa 11 alfajiri. Chai ya tangawizi, kompyuta, na makala moja ya utafiti kabla boda boda hazijaamsha mtaa. Mimi ni daktari wa mishipa ya fahamu, na ugonjwa ninaoutafiti ni maltipo sklerosisi, ambao sote kazini tunauita MS. Kinga ya mwili inaigeukia mayelini, yaani utando wa mafuta unaozifunika nyuzi za neva katika ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Nyuzi zikivuliwa utando huo, ujumbe huchelewa au haufiki kabisa. Chuoni tulifundishwa kuwa huu ni ugonjwa wa Wazungu wa nchi za baridi, tukafunua ukurasa. Mimi siukubali ukurasa ule.

Saa 2 asubuhi. Wodini: kiharusi, kifafa, homa ya uti wa mgongo. Haya ndiyo yanayojaza vitanda vyetu, na lazima yatangulie.

Saa 4. Kliniki. Mwalimu wa shule ya msingi amekuja na dada yake mkubwa kutoka Bombo. Wamekulia katika kambi ya jeshi, penye Kiswahili, kwa hiyo hatuhitaji mkalimani.

"Pole na safari, mwalimu."

"Asante, daktari. Miguu ndiyo iliyonileta."

Imekufa ganzi kuanzia kiunoni. Namuuliza habari za macho, anashangaa. Ndiyo, mwaka jana jicho la kulia lilikuwa likimuuma kila akiligeuza, rangi zikafifia, halafu baada ya wiki chache likatulia lenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba jicho lile na miguu hii huenda ni kisa kimoja. Nachukua kizibo chekundu cha soda, naziba jicho moja, kisha jingine. Kwa jicho la kushoto ni chekundu. Kwa la kulia, "kimepauka, daktari, kama sare iliyofuliwa mihula mitatu." Namwomba ainamishe kidevu hadi kifuani. "Aa! Hapo hapo. Umeme unashuka mgongoni."

Kwenye faili bado siandiki MS. Hapa kwetu uti wa mgongo una maadui wengi: VVU, kaswende, TB ya mgongo, upungufu wa vitamini B12, hata mayai ya kichocho kwa wanaoishi kando ya maziwa. Tena kuna ndugu wa karibu wa MS, NMO, ambao kingamwili yake dhidi ya akwaporini-4, protini inayopitisha maji kwenye seli, ilitambuliwa 2004. Nao hushambulia macho na uti wa mgongo, ila baadhi ya dawa za MS, kama interferoni-beta, huuchochea. Ukikosea jina, unaweza kumpofusha mtu kwa dawa. Ndiyo maana nataka picha ya MRI, vipimo vya damu na maji ya mgongo. Picha ndiyo inayoumiza familia, maana wengi hulipa kwa kuuza ng'ombe.

Anasema pia kwamba akitembea juani saa saba mchana, macho yanaingia ukungu. Joto hufanya hivyo kwa neva iliyopoteza utando. Haimaanishi ugonjwa umezidi. Namshauri atembee asubuhi na awe na kitambaa cha maji shingoni. Dada yake anaandika kila neno.

Saa 8 mchana, baada ya matoke na mchuzi wa karanga. Maji ya mgongo. Dada mtu ananivuta pembeni: "Daktari, nasikia wakichomwa hapo wanapooza." Namwonyesha kwa kidole mgongoni mwangu mahali uti unapoishia, juu kidogo, na mahali sindano inapoingia, chini yake. Anakubali, lakini hauachii mkono wa mdogo wake. Matone yanatoka maangavu kama maji safi, inavyotakiwa.

Saa 10. Sasa utafiti wenyewe. Atlasi ya MS ya 2020 ilikadiria wagonjwa milioni 2.8 duniani, na ramani yake hupauka kadiri unavyoikaribia ikweta. Naamini ugonjwa ni adimu zaidi huku. Naamini pia kwamba pasipo MRI wala daktari wa neva, mgonjwa hafiki kwenye ramani. Yote mawili yanawezekana kwa pamoja.

Na kuna jambo linalonigusa kama Mganda. Mwaka 2022, utafiti wa wanajeshi wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba hatari ya MS hupanda mara 32 baada ya kuambukizwa virusi vya Epstein-Barr. Virusi hivyo vilijulikana kutokana na watoto wa hapa! Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago hapa Kampala, alieleza uvimbe wa saratani wa taya zao mwaka 1958. Vipande vyake vikasafirishwa kwa ndege hadi London, kwa Anthony Epstein, mtafiti aliyekuwa akitafuta virusi ndani yake. Kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester, na kilipofika seli hai zilikuwa zikielea kwenye maji yake. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza virusi hivyo. Watoto wetu karibu wote huambukizwa wakiwa wadogo sana, ilhali ng'ambo wengi huambukizwa ujanani wakapata homa ya tezi, na homa hiyo huongeza hatari ya MS. Je, kuambukizwa mapema ndiko kunakowakinga? Swali hili nataka lijibiwe kwa damu ya Waganda, katika maabara ya Kampala, na majina yetu yawe kwenye makala.

Saa 2 usiku. Simu kutoka Gulu, daktari kijana. Ana msichana mwenye kwikwi isiyokoma siku ya nne, ametibiwa tumbo, na leo haoni vizuri. Kwikwi na macho! Hapo nawaza NMO, maana nayo huweza kuleta kwikwi isiyokoma. Damu ichukuliwe kabla ya dawa, methilprednisoloni, steroidi ya kutuliza kinga ya mwili, ianze usiku huu huu, na akitulia apande basi la kwanza la Kampala. Nafasi ya kliniki nimeshamwekea.