Siku moja na picha 36 za nyumba ya Mbweni

Saa 11:40 alfajiri. Saa ya maikrowevu inawakawaka sifuri tupu. Maana yake usiku umeme ulikatika. Nyumbani Kimara na ofisini Mikocheni si laini moja, lakini roho ikanidunda. Jana jioni niliondoka kompyuta ikiwa inarenda, yaani inageuza michoro kuwa picha, na saa 9 alasiri mteja anakuja.

Kazi yangu ni kutengeneza picha za nyumba ambazo hazijajengwa. Wasanifu wanachora, mimi naingiza michoro kwenye programu ya Blender, naweka taa, miti, bati, jua. Zamani nilikuwa nabofya kila picha kwa mkono: chagua kamera, geuza jua, badilisha rangi ya paa, renda, hifadhi, rudia. Siku hizi skripti ya Python, yaani orodha ya amri niliyoiandikia kompyuta, ndiyo inayorudia. Nyumba hii ina kamera 6, saa 3 za siku na rangi 2 za bati (mama mwenye nyumba hajaamua kati ya msauzi jekundu na la kijivu). Jumla picha 36, kila moja kama dakika 7.

Saa 2:10 asubuhi. Folda ina picha 22. UPS, ile betri ya dharura, ilijikaza ikashindwa, kompyuta ikazima. Sikupaniki, kwa sababu skripti ina mistari miwili ninayoipenda kuliko yote: kabla ya kurenda inaangalia kama faili la jina hilo lipo, likiwepo inaruka. Nikaandika tena `blender -b mbweni.blend -P picha.py`, ikaruka 22, ikaanza ya 23. Hiyo `-b` inafanya Blender ifanye kazi bila kufungua dirisha, na `-P` inaiambia iendeshe skripti. Zimebaki 14, kama saa moja na nusu na ushee.

Nikamwita dogo wa fildi aone, maana haya mambo hufundishwi darasani, unafundishwa na maumivu. Nikamwonyesha `write_still=True`. Mwaka jana niliisahau. Skripti ikafanya kazi usiku kucha, asubuhi nikakuta folda tupu: ilirenda kila picha, haikuhifadhi hata moja. Nikamwambia pia kwamba Blender husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia na kuitekeleza kila moja hapohapo. Ukiweka `-f 1` (amri ya kurenda) kabla ya `-o` (mahali pa kuhifadhi), picha inarendwa kabla haijaambiwa ikakae wapi.

"Kumbe mpangilio una maana, kaka?"

Una maana sana.

Saa 4:05. Zimekamilika. Nikamwita Mzee, msanifu wetu mkuu. Yeye hashangazwi na skripti. AutoCAD, programu anayochorea, imekuwa na AutoLISP, lugha ya kuandikia amri zako mwenyewe, tangu 1986, na bado anatumia amri yake ndogo ya kuhesabu milango aliyoiandika enzi hizo. Akavuta kiti, akapitisha picha kimya kimya. Kwenye picha za saa 10 jioni akasimama.

"Hapa bahari iko wapi?"

"Mbele ya baraza, Mzee."

"Na jua la jioni linatokea baharini?"

Nikanyamaza. Dar bahari iko mashariki, hata mtoto wa chekechea anajua jua halizami huko.

Nikafungua skripti. Mama alituma sauti WhatsApp akitaka saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni. Saa tatu niliandika 9. Saa saba niliandika 13. Saa kumi, nikiwa nimechoka, niliandika 10. Kompyuta ikaelewa saa nne asubuhi, na majina ya mafaili yakabaki "saa10" kana kwamba hakuna kilichoharibika. Picha zilikuwa nzuri! Baraza lote limejaa mwanga wa dhahabu. Ningeandika 3 mahali pa 9 ningepata giza tupu na kustuka mara moja. Hili la 10 lilipita mbele ya macho yangu likiwa limevaa suti.

Mzee akauliza kama latitudo, yaani nyuzi kutoka ikweta, nayo iko sawa. Hiyo ilikuwa sawa, -6.8, maana alama ya kutoa ilishanichoma siku nyingine. Ukiisahau, nyumba inahamia kaskazini mwa ikweta, jua la adhuhuri mwezi Juni linapanda kutoka nyuzi 60 hadi 73 hivi, na ukuta wa mita 3 unaotakiwa kuwa na kivuli cha kama mita 1.75 unakupa cha sentimita 90 tu. Hakuna atakayelalamika mpaka aingie kwenye nyumba.

Nikaandika kipande kidogo ndani ya skripti cha kugeuza saa zetu za Kiswahili kuwa saa za kompyuta: saa ya mchana ongeza 6, ya usiku ongeza 18, ikifika 24 au kuzidi toa 24. Dogo akauliza, "Na saa kumi na mbili asubuhi?" Swali zuri. Hiyo inahesabiwa na usiku: 12 na 18 ni 30, toa 24, unapata 6. Ukiihesabu na mchana unapata machweo.

Safari hii nikajaribu kwanza kwa asilimia 25 ya ukubwa, yaani vitone vya picha ni 1 kwa 16. Jua likatokea upande wa barabara. Nikafuta picha 12, nikarenda upya, saa moja na dakika 24.

Saa 7. Wali maharage kwa mama ntilie, jicho kwenye simu.

Saa 9 alasiri. Mama amefika. Bati akachagua la kijivu kwa sekunde mbili. Kwenye picha za jioni akakunja uso.

"Mbona barazani kwangu hakuna jua? Mimi nilitaka ninywe chai ya saa kumi juani."

Mzee akamweleza taratibu kwamba jua la saa kumi liko nyuma, upande wa barabara. Mama akacheka, akapiga paja. "Basi nitengenezeeni kibaraza huko nyuma. Kesho nikione." Nikamwangalia Mzee, Mzee akaangalia dari. Kwa zile picha nilizokosea yule mama angesaini leo.

Saa 12:30 jioni. Kibaraza nimekichora kwa haraka, kamera ya 7 ipo. Rangi 2 nimeziacha, huenda akageuka. Picha 42. Nikawasha skripti, nikafunga mlango.

Nimefika kituoni, daladala ya Kimara imesimama, konda ananiita, ndipo ikanijia. Folda ni ileile. Zile 36 zipo kwa majina yaleyale, skripti itaziruka zote, itarenda 6 tu, na kesho mama ataonyeshwa nyumba ya jana.

Nikarudi ofisini kwa mguu.