Nimevua gwanda, nimeshika daftari

Baada ya miaka sita jeshini, kukaa darasani na vijana wa miaka 18 kumenishinda kuliko gwaride. Siku ya kwanza mwalimu aliniita jina, nikaruka wima: "Ndiyo, afande!" Darasa zima hoi kwa kicheko.

Ada nalipiwa na GI Bill, mpango wa serikali ya Marekani wa kuwasomesha waliotumikia jeshi, toleo lile lililoanza 2009: miezi 36 ya masomo, posho ya nyumba, na hadi dola 1,000 za vitabu kwa mwaka. Wenzangu mnaokaribia kutoka, sikieni hili: posho ya nyumba hukatika wakati wa likizo kati ya mihula. Mwenye nyumba naye hajui likizo. Desemba nikauza gari.

Hapo ndipo nilipogundua basi linaishia maili mbili kabla ya chuo. Nikaenda kwenye kikao cha baraza la mji, nikapewa dakika tatu za kusema. Diwani mmoja akanishukuru kwa kulitumikia taifa, kisha akarudi kwenye simu yake. (Asante nimeipokea, ila basi je?)

Sasa majirani wananisukuma nigombee. Mke wangu kasema nifaulu hesabu kwanza.