Mtoto aliyesoma ukurasa mzima bila kukosea

Nianze na kilichonikera. Niliposema nataka kujitolea kuwafundisha watoto wa darasa la pili na la tatu walioachwa nyuma na wenzao, kila mtu aligeuka mtaalamu. "Wape mazoezi mengi, watazoea." "Usiwachekee, watakupanda kichwani." Mmoja, ambaye sidhani kama amewahi kukaa na mtoto na kitabu hata dakika 10, aliniambia wengine hawana akili tu, nitapoteza muda wangu. Sasa nimemaliza nao mwaka mzima, siku 2 kwa wiki baada ya vipindi, na ushauri ule wote ulikuwa wa kutupwa. Ila nikiri: wiki za mwanzo niliboronga kuliko hao walionishauri.

Mambo ya ruhusa ya mwalimu mkuu yalipita haraka. Hapo shika moja tu: omba kukaa mahali penye macho ya watu, mlango ukiwa wazi. Ni kwa usalama wa mtoto, na wako pia.

Nilipewa watoto 5. Nilikesha nikichora chati ya silabi kwa rangi 4, nikaibandika ukutani, nikahutubia kwa dakika 50. Ndiyo, nilihutubia. Kabla hata ya robo saa mmoja alikuwa chini ya dawati akitafuta kifutio ambacho hakuwahi kuwa nacho, na mwingine alikuwa anahesabu vigae vya sakafu (bila kukosea, kumbe!). Chati ile bado ninayo. Ni nzuri sana, na haijawahi kumsaidia mtu yeyote.

Kisha akaja mvulana nitakayemwita Hodari. Niliambiwa hajui kusoma kabisa. Nikampa kitabu, akafungua, akaweka kidole chini ya neno la kwanza na kuanza: "Paka alipanda juu ya paa. Juu ya paa palikuwa na panya..." Ukurasa mzima, bila kigugumizi, anatua penye nukta, anapandisha sauti penye alama ya kuuliza. Nilitoka pale nikitembea kama aliyevikwa nishani. Nikaenda kumwambia mwalimu wa darasa kwamba mtoto wake anasoma, tatizo lilikuwa ni kukosa mtu wa kumtia moyo. Mwalimu akatabasamu. "Vizuri," akasema, "kesho asome tena."

Kesho yake dirisha lilikuwa wazi. Hodari alikuwa amefika kwa panya upepo ulipofunua kurasa 2 mbele. Pale hapakuwa na paka, wala paa, wala panya. Palikuwa na picha ya mashua. Hodari hakutetereka. Kidole kilitambaa chini ya habari za mashua huku mdomo ukiendelea na panya, hadi panya akatoroka, hadithi ikaisha, akafunga kitabu na kunitazama akisubiri sifa. Nilicheka hadi machozi. Naye akacheka, kisha akanyamaza ghafla, akatazama sakafu. Hapo nilijuta.

Alikuwa amewasikiliza wenzake wakisoma darasani, akakariri kila kitu pamoja na vituo. Nambieni, huyo hana akili? Mimi ukurasa ule nimeusikia mara mia na siwezi kuutoa kichwani.

Tangu siku hiyo simwamini mtoto anayesoma vizuri. Nafunika picha. Namwonyesha neno la katikati. Namwambia asome sentensi kuanzia neno la mwisho kurudi nyuma. Na silaha yangu kubwa ni maneno yasiyo na maana: bolu, dapi, mufe, ndiba. Hayo hayakaririki, wala hayabahatishiki. Dakika 3 za ndiba na dapi zilinionyesha kile ambacho wiki 2 za paka na panya zilinificha: Hodari alikuwa anachanganya b na d, na konsonanti zikifuatana alimeza moja. Ndoo ikawa "doo", mbuzi akawa "buzi". Basi! Si kwamba hajui kusoma. Ana mashimo mawili ya kuziba.

Tulikata vikaratasi vya silabi: ka, ta, ma, la, pa, baadaye mba na ndo. Walipogundua kwamba "taka" ikigeuzwa inakuwa "kata", hawakushikika tena. Wakatengeneza na "tamaka", wakashikilia kwamba ni mnyama. Sikubishana nao. Uzuri wa Kiswahili ni kwamba silabi zikishika, mtoto anasoma neno lolote, hata asilolijua. Na ubaya wake ni huo huo: anasoma mbio kama maji na hajui kasoma nini. Ndiyo maana kila baada ya mistari michache nauliza ni nani aliyepanda, na alifuata nini. (Mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini "barabara" ya kupita magari na "barabara" ya kumaanisha sawasawa zinaandikwa sawa na kutamkwa tofauti. Nilimwambia tutalijadili wiki ijayo. Bado hatujalijadili.)

Kwenye hesabu kulikuwa na msichana aliyeandika 52 − 38 = 26. Nilimweleza kuazima mara 3, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, kana kwamba tatizo lilikuwa masikio. Mwishowe nikamwuliza amefanyaje. "2 haitoshi kutoa 8," akasema, "kwa hiyo nikatoa 2 kwenye 8." Ana mantiki yake! Nikaacha kalamu, nikafunga vijiti mafungu ya kumi kumi, nikampa mafungu 5 na vijiti 2. Nikamwambia anipe 38. Akanipa mafungu 3, akanipa vijiti 2, akakwama. Akakodolea macho mafungu yaliyobaki. "Naweza kufungua moja?" Somo la kuazima liliishia hapo, na aliyelifundisha si mimi. Vijiti ni vya bure. Penseli ndizo zinazonifilisi. Sijui wanazipeleka wapi.

Siku hizi hatuzidi dakika 25. Na ukisema utakuja Alhamisi, njoo Alhamisi. Nilikosa mara moja bila taarifa, Hodari akakataa kunisalimia wiki nzima.

Hila ninayojivunia zaidi ni ya kalamu nyekundu. Nasoma mimi, nakosea makusudi, wao wanasahihisha. Nageuza b kuwa d, nameza konsonanti, naandika 52 − 38 = 26. Mtoto asiyeona kosa lake huliona langu kutoka mbali, na analizungushia duara kwa furaha isiyo na huruma. Labda nilizidisha, maana yule msichana wa vijiti alikwenda kwa mwalimu wa darasa kuniombea nafasi. Alisema mwalimu wa jioni ni mpole ila kusoma kunamsumbua, na kwamba wenzake wamekubali akae nao asubuhi.

Mwalimu aliniletea ujumbe huo kwa uso mkavu kabisa, pamoja na kijitabu cha silabi.