Nilivyoipata santuri ya AC/DC iliyotengenezwa kwa ajili ya redio tu

Santuri ninayoizungumzia ina namba LAAS 001, na jina lake ni Live from the Atlantic Studios. Tarehe 7 Desemba 1977 AC/DC, bendi ya roki kutoka Australia, waliingia studio za kampuni yao ya santuri, Atlantic, Broadway, New York, wakapiga nyimbo nane mbele ya watu wachache tu. Kituo cha WIOQ cha Philadelphia ndicho kilichorusha onyesho hilo hewani, mwenyeji akiwa mtangazaji Ed Sciaky. Baadaye Atlantic wakalitia kwenye santuri na kuzigawa kwa vituo vya redio, basi. Dukani haikupelekwa.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Philadelphia, na bendi hii nimeipenda tangu shuleni, enzi za kanda za kukopeshana. Nilipojua kwamba redio ya mji huuhuu ninaoishi ndiyo iliyohusika, nikasema lazima niipate.

Ndugu zangu wa nyumbani huniuliza: kampuni inatengeneza santuri ya kugawa bure ili iweje? Huwa nawakumbusha Radio Tanzania Dar es Salaam. Kwetu bendi ilikwenda kurekodi redioni. Redio ndiyo iliyokuwa studio, na kanda zilibaki kwake. Marekani ilikuwa kinyume. Studio ni ya kampuni, redio ina mwenyewe, na kila mtangazaji anapokea rundo la santuri mpya ambazo hana muda wa kuzisikiliza zote. Kampuni haina budi kubembeleza. Na AC/DC wakati ule walihitaji kubembelezewa kwelikweli. Ziara yao ya kwanza Marekani ilianza Julai 1977 huko Austin, Texas, na albamu yao ya 1976, Dirty Deeds Done Dirt Cheap, Atlantic waliikataa kwa soko la Marekani. Haikutoka kule hadi 1981. Jukwaani ndiko walikokuwa moto wa kuotea mbali, kwa hiyo watangazaji wakapelekewa jukwaa lenyewe. Mwimbaji ni Bon Scott, aliyefariki Februari 1980. Hilo peke yake linatosha kupandisha bei.

Anayetaka nyimbo tu asihangaike. Zimo kwenye Bonfire, mkusanyiko uliotoka 1997, na ndizo ninazosikiliza kwenye gari. Mimi nilitaka kile chombo kilichofanya kazi redioni.

Shida ni bandia. Santuri hii imeigizwa mno, na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo yenyewe. Sikutaka kutegemea viapo, na santuri halisi ya kulinganishia sikuwa nayo. Nikafikiri: kama hii ni ya Atlantic ya wakati ule, basi nizijue kwanza Atlantic za kawaida za wakati ule. Nikawa napita kwenye maduka ya santuri kuukuu, kule chini kwenye maboksi ya vitu vya bei ya kutupa, naokota zozote zenye lebo hiyo za mwaka 1977 au karibu yake. Nyingine za wanamuziki ambao siwezi kuwasikiliza hata kwa kulipwa. Sikuzinunua kwa ajili ya muziki.

Zilinifundisha mengi. Ile sehemu laini karibu na lebo, mifereji ya sauti inapoishia, ina maandishi yaliyochorwa kwa mkono wa fundi, yamepinda kidogo. Santuri nyingi za Atlantic zina alama AT/GP: AT ni studio za Atlantic, GP ni George Piros, fundi aliyekata bamba mama, lile la kwanza ambalo nakala zote hutokana nalo. Kwenye lebo, herufi ndogo kabisa hubaki kali hata ukizitazama kwa kioo cha kukuza. Lebo iliyopigwa picha na kuchapwa upya herufi zake huvimba, na kingo zake huwa na ukungu. Ukishazoea, jicho linakataa lenyewe kabla hujajua kwa nini.

Kisha sikio. Watengenezaji wengi wa bandia hawana kanda asilia. Wanachukua santuri ya mtu na kurekodi kutoka humo. Kwa hiyo mikwaruzo ya ile ya kwanza inaingia kwenye nakala kama sehemu ya sauti. Unasikia “tak, tak”, unainua sindano, unaimulika santuri mahali palepale: safi, haina alama yoyote. Ukisikia mkwaruzo usioonekana, rudisha mali ya watu na uende zako. Nimefanya hivyo mbele ya wauzaji walionuna.

Jambo la tatu nilielezwa na mwenye duka mmoja ambaye nilikuwa nimemchosha kwa maswali. Mtangazaji wa zamani, alisema, kabla ya kurusha wimbo aliweka sindano mwanzoni mwake, akaizungusha santuri kwa mkono mbele na nyuma mpaka apate pale sauti inapoanza. Kufanya hivyo mara nyingi kunakula mfereji. Ndiyo maana santuri iliyotoka redioni ina mvumo kidogo, “shhh”, mwanzo kabisa wa nyimbo zilizopendwa, halafu wimbo unaendelea vizuri. Mwenye duka huyohuyo ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi katika kituo kidogo cha Pennsylvania, ambaye sasa alikuwa anapunguza maboksi nyumbani kwake.

Kabla ya kwenda nilijiridhisha jambo moja. Santuri za namna hii hugongwa muhuri kwamba haziuzwi, na nyingine husema ni mali ya kampuni. Je, kuinunua ni halali? Swali hilo lilishafika mahakamani. Mwaka 2011 mahakama ya rufani ya shirikisho, ile ya majimbo ya magharibi, iliamua dhidi ya kampuni ya muziki ya Universal katika kesi yao na Troy Augusto, aliyekuwa akiuza CD za aina hiyo. Kampuni ikikutumia kitu bila wewe kukiagiza, na isidai kirudi, kimekuwa chako. Nikaenda kwa amani.

Mzee alinikaribisha, akanionyesha gramafoni, akaniacha nikague. Maandishi ya fundi yalikuwepo, herufi za lebo zilikuwa kali. Kila mkwaruzo niliousikia niliuona. Na mvumo ulikuwepo, mwanzoni mwa nyimbo mbili. Wimbo mmoja wenye maneno ya kihuni ulikuwa kama haujawahi kuguswa. Nikageuza jalada: mbele ya jina la wimbo huo kuna msalaba wa kalamu nyekundu.

“Bosi alituwekea huo,” mzee akasema, akicheka. “Aliyeupiga angekwenda kutafuta kazi kwingine.”

Jalada lilikuwa limejaa wino: herufi za kituo kwa kalamu nene ili asiwepo wa kubeba santuri kwenda nayo kwake, dakika za kila wimbo pembeni, na msalaba ule. Bei aliyotaja mwanzo ilikuwa kodi yangu ya mwezi mzima. Nilinyamaza, naendelea kulitazama jalada. Kimya changu alikielewa vibaya.

“Najua, limechafuliwa,” akasema. “Wakusanyaji wanataka jalada safi. Lingekuwa safi ningeomba mara mbili.”

Hakika soko ndivyo lilivyo. Wino unashusha thamani. Nikamtajia nusu. Akasonya, akashuka, nikapanda kidogo, tukakutana karibu na upande wangu. Kwamba wino ule ndio nilioutafuta muda wote, sikumwambia.

Nyumbani niliiosha kwa maji yaliyochemshwa na kukusanywa kutoka kwenye mvuke, kitambaa laini, nikifuata mzunguko wa mifereji, lebo nikiikinga isilowe. Jalada sikuligusa. Rafiki yangu mmoja anayejua dawa ya kufuta wino ameshajitolea kulisafisha bure. Nimemwambia akiligusa tutagombana.